Joto Kwenye Kola

Mkoromo ndio uliowapokea. Inspekta na konstebo wake walikuwa bado chini ya ngazi, na tayari waliusikia ukishuka kutoka ghorofani, mrefu, mzito, ukiishia kwa mluzi mwembamba kama wa birika lililosahauliwa jikoni. Ukakatika. Ukaanza upya.

"Ndiye huyo," konstebo alisema. "Tangu jana asubuhi hajabadilisha hata wimbo."

"Nani mwingine yuko juu?"

"Mke na binti yake. Mke hazungumzi sana. Binti halii tena, amekauka."

Inspekta alipanda. Hakuwa mwanamke wa kukimbia ngazi. Alizipanda kama mtu anayezikagua.

Chumba kilikuwa juu kabisa ya duka la dobi, na sakafu yake ilitetemeka kidogo kwa mashine za kufulia zilizokuwa zikizunguka chini. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri mbele yake na mengine nyuma yake, alikuwa amelala chali kitandani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine soksi. Shati lake jeupe lilifungwa vifungo vyote hadi shingoni. Tai ilining'inia, fundo halijakamilika.

"Alikuwa mbele ya kioo," mke alisema kabla ya kuulizwa. "Anafunga tai. Nikasikia kishindo, nikadhani kabati limeanguka."

Binti alishika kijiko cha maji mdomoni mwa baba yake. Maji yaliingia, yakakaa, yakatoka pembeni.

"Daktari?"

"Alikuja, akaondoka. Kasema huu si ugonjwa wa yeye kutibu, ni usingizi wa kufungwa. Kasema mwili usiopokea hata maji hauna subira. Labda kesho. Labda kesho yenyewe isifike."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Watu wachache huzaliwa na joto vidoleni, kumi kwa kumi, na kwa joto hilo waweza kufanya mambo ambayo mkono wa kawaida hauwezi. Lakini joto halina chemchemi. Likitoka halirudi. Jambo dogo hukwangua ncha ya kidole. Jambo kubwa, kama kumlaza mtu usingizi usio na asubuhi, humeza kidole kizima, na kidole hicho hubaki cha kushikia kijiko tu mpaka mwenyewe anaingia kaburini. Na aliyefunga ndiye afungue, yeye au mtu wa damu yake. Kufungua nako humeza kidole.

Ndiyo maana Inspekta hakuzipenda kesi za namna hii. Kumkamata mtu hakukutosha. Ilibidi umkamate akiwa bado na kitu.

Aligusa paji la uso la mgonjwa. Baridi. Akagusa kiganja. Baridi vilevile. Akapeleka mkono kwenye vifungo vya shati.

"Usilivue," mke alisema haraka. "Tulijaribu. Ukifungua kifungo cha pili tu anakata pumzi."

Inspekta aliacha vifungo. Badala yake alipitisha vidole chini ya kola, taratibu, kutoka ncha moja hadi nyingine. Mbele palikuwa baridi kama ngozi yenyewe. Nyuma ya shingo, katikati hasa, vidole vyake vilisimama. Palikuwa na mahali padogo, kama upana wa dole gumba, penye joto la mkate uliotoka tanurini.

"Shati hili alilivaa lini?"

"Asubuhi hiyohiyo. Lililetwa kutoka chini, kwenye hanga."

"Nani alilileta?"

"Lilitundikwa mlangoni. Kila siku hutundikwa mlangoni."

Inspekta alimtazama mikono. Yule mama aliinyoosha mwenyewe, viganja juu, kama mtu aliyezoea.

"Pima ukitaka. Yangu ilikwisha kabla binti huyu hajazaliwa."

"Ilikwenda wapi?"

Mke aliangalia sakafu inayotetemeka. "Unazisikia hizo mashine? Humo."

Binti aliweka kijiko chini. "Mama."

"Kauliza, nimejibu."

Wakiteremka, konstebo alishindwa kuvumilia. Alikuwa kijana mwenye masharubu yaliyotunzwa vizuri kuliko viatu vyake, na alikuwa na habari.

"Afande, mimi kesi nimeshaimaliza. Tatizo ni moja tu, imemalizika vibaya."

"Nieleze."

"Kuna mfuaji mmoja, Mama Povu. Wiki iliyopita alimwambia Tajiri mbele ya wateja kwamba siku moja atalala asiamke. Maneno hayohayo, afande, wateja wamethibitisha. Na duka zima linajua alikuwa amebakiza vidole vinne vya joto. Nikampima. Hakuna hata kimoja. Vyote barafu."

"Kulaza mtu ni kidole kimoja. Hivyo vitatu vingine kavipeleka wapi?"

Konstebo alifikiri. "Labda alimlaza kwa hasira sana."

Inspekta hakucheka, lakini alisimama kwenye ngazi ya mwisho kwa kitambo kidogo.

Ukutani, juu ya kaunta, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA DOA LISILOTOKA. Chini yake mteja mmoja alikuwa akiulizia gauni la harusi lililomwagikiwa wino, na karani wa kaunta akimjibu kwamba leo haiwezekani, kesho pia asiahidi. Ilikuwa mara ya kwanza, karani alisema, neno hilo kutamkwa hapo.

Walipita nyuma. Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji imemong'onyoka kwa sabuni, na karo la kusuuzia lilichukua ukuta mzima. Bomba lilitiririka ndani yake bila kufungwa.

"Ulimpimia wapi?" Inspekta aliuliza.

"Papa hapa. Alikuwa anasuuza mashuka."

"Akafuta mikono kwanza?"

"Aliitoa tu, akaninyooshea. Alikuwa na dharau, afande, ungemwona."

"Tia mkono wako."

Konstebo alikunja mkono wa shati, akautia kwenye maji. Alivuta pumzi kwa meno.

"Uache hapo. Huyu mama hushinda humo tangu duka linapofunguliwa. Sasa niambie, ungempima mtu homa akiwa kwenye pipa la barafu?"

Masharubu ya konstebo yalishuka kidogo.

Mama Povu walimkuta ameketi juu ya gunia la sabuni ya unga katika stoo, mlango umefungwa kwa nje. Alikuwa mwanamke mnene, kanga yake imefungwa juu ya kifua kwa fundo la kazi, na mikono yake ilikuwa mikavu sasa, imelala mapajani kama vitu viwili vilivyopewa likizo.

"Karibuni," alisema. "Ningewapa viti, ila huyu mwenye masharubu hakunifungia na viti."

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Angalau wewe umefundwa."

Inspekta alitoa mfukoni kikopo cha zamani cha rangi ya viatu. Ndani mlikuwa na nta ya polisi, ile isiyoyeyuka kwa mkono wa kawaida hata uubane namna gani. Alikata vipande vidogo kama punje za mahindi, akaviweka kimoja kimoja juu ya ncha za vidole vya Mama Povu. Wakangoja. Kwenye mkono wa kushoto hakuna kilichotokea. Kwenye wa kulia, punje ya dole gumba ililegea, ikafanya kidimbwi. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya kidole kidogo ilikaa ngumu.

"Vinne," Inspekta alisema. "Kama duka zima linavyojua."

"Ungeniuliza mimi ningekuambia. Huyu aliviuliza vidole vyangu. Mimi mwenyewe hakuniuliza kitu."

Konstebo alikohoa. "Ulimtishia Tajiri, mama."

"Nilimtishia. Hapa nani hajamtishia? Vitisho vingekuwa vinalaza watu, huyo asingeamka tangu siku aliyofungua duka." Alifuta nta kwenye gunia. "Siku hiyo alitaka niondoe doa la damu kwenye zulia la mtu mkubwa fulani. Zulia la ukumbi mzima. Nusu kidole ile. Nikamwambia mimi nina wajukuu, nataka nife na kitu cha kuwapapasia wakiwa na homa. Akaniambia hizo ni hadithi, kazi ni kazi."

"Ukaliondoa?"

Mama Povu alimtazama kama mtu anayeulizwa kama mvua hulowesha. "Kidole kidogo hicho hapo. Umekipima mwenyewe."

Inspekta alifunga kikopo. "Nani mwingine mwenye joto hapa dukani?"

"Wengine walikwisha, wakaondoka. Ukikwisha unaondoka."

"Sijauliza walioondoka."

Yule mama alijikuna kiwiko. "Mpigapasi," alisema mwishowe. "Lakini yule ni mtu wa Mungu. Hata nzi humfungulia dirisha."

"Kabakiza vidole vingapi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilishachoka kuhesabu vya wenzangu."

Konstebo alipata nafasi ya kujiokoa. "Huyo nilimpima, afande. Huyo ni safi kabisa. Vyote kumi vinawaka. Nta iliyeyuka mpaka ikanidondokea viatuni."

Inspekta alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Alikiachia.

"Kumi?"

"Kumi."

"Yuko hapa tangu lini?"

"Tangu duka lifunguliwe, wanasema."

"Mke wa mwenye duka ana sifuri. Mama huyu ana vinne, na yeye hakuanza na duka. Wengine wamekwisha wakafukuzwa. Na mpigapasi, aliyeanza na duka, yuko kama alivyotoka tumboni mwa mama yake. Katika duka hili, konstebo."

Kijana alifungua mdomo.

"Ulimpimia wapi?"

"Mezani kwake."

"Alikuwa ameshika nini?"

Jibu lilitoka dogo. "Pasi."

Mama Povu alifumba macho, kama mtu aliyesikia sahani ikianza kuteleza na anangoja kishindo.

Chumba cha pasi kilikuwa na mvuke kiasi kwamba balbu ilionekana kama yai. Mpigapasi alikuwa mrefu, mwembamba, mgongo umejipinda kufuata meza. Alikuwa akinyoosha suruali na hakuinua macho walipoingia. Pasi ilikwenda, ikarudi, ikapumua.

"Iweke chini, kaka," Inspekta alisema.

"Itaunguza, dada."

"Ikalishe basi."

Aliikalisha kwenye kisigino cha pasi. Mkono ulibaki kwenye mpini.

"Na mkono."

Ulichukua muda, lakini ulitoka.

Inspekta aliagiza chai. Konstebo alileta vikombe vitatu vya bati na Inspekta akavipanga juu ya meza, kisha akasogeza cha Mpigapasi mbali kidogo. "Usikishike. Tuzungumze kwanza. Mikono weka juu ya mapaja, nje ya mvuke. Konstebo, fungua dirisha."

Mpigapasi alitazama kile kikombe, akamtazama Inspekta, na kitu fulani usoni mwake kikakaa sawa, kama nguo iliyomaliza kukunjwa. Alikuwa ameelewa kinachongojewa. Hata hivyo aliketi.

"Mashati ya Tajiri anapiga pasi nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Hampi mtu mwingine. Anasema mimi ndiye ninayejua shingo yake."

"Mimi nyumbani kwangu kola hunishinda. Zinajikunja ncha. Unaanzia wapi?"

Swali lilimshika pabaya, kwa sababu lilikuwa la kazi, na mtu wa kazi hujibu la kazi kabla hajajizuia. "Kwenye ncha. Unaanza ncha hii unakuja katikati, kisha ncha ile unakuja katikati. Ukianzia katikati unasukuma kitambaa chote nje, ndiyo hizo ncha zako zinajikunja."

"Kwa hiyo katikati nyuma ndipo pa mwisho kuguswa."

"Ndipo pa mwisho."

"Na ukishapagusa unalitundika kwenye hanga."

Chai ilikuwa imeacha kutoa moshi. Inspekta alifungua kikopo chake, akakata punje kumi, akaziweka juu ya vidole kumi. Konstebo aliinama kutazama hadi masharubu yake yakakaribia kugusa meza. Kule juu mkoromo ulikwenda, ukapiga mluzi, ukakatika. Punje zilikaa. Hata moja haikulegea. Inspekta alizigusa kwa ukucha, zilikuwa ngumu kama zilivyotoka koponi.

"Hata kimoja," alisema.

"Hata kimoja," Mpigapasi alikubali.

"Cha mwisho kilikwenda lini?"

"Unajua kilikwenda lini. Umeshakigusa, kiko shingoni mwake."

Konstebo alichomoa pingu. Inspekta alimwonyesha kiganja, subiri.

"Kwa nini?"

Mpigapasi alitikisa punje za nta zikaanguka mezani. Alipozungumza sauti yake haikupanda, ila maneno yalitoka yamebanana.

"Nina binti. Mama yake hayupo, ni mimi na yeye. Analo joto, vyote kumi. Tangu akiwa mchanga nilijua, nikamficha, nikamwambia ana homa za mara kwa mara ndiyo maana mikono yake haipoi. Hajui mpaka leo. Mwezi uliopita aliniletea chakula, akakuta gauni la mteja lina doa la wino, akalisugua kwa dole gumba. Hivihivi, kitoto tu, huku ananieleza habari za shule. Doa likaondoka. Yeye hakuona. Tajiri alikuwa mlangoni, akaona."

"Akasema nini?"

"Akasema Jumatatu uje naye. Nikakataa. Hakukasirika, dada. Angekasirika ningejua la kufanya. Alicheka. Akasema basi atamwita mwenyewe, atamwambia baba yako kazi inamwelemea, njoo umsaidie. Na angekuja. Huyo mtoto ukimwambia baba yako kichwa kinamuuma, anatoa vyote kumi asubuhi moja."

"Ungeacha kazi."

"Nikaajiriwe wapi na mikono iliyopoa? Vyangu tisa viko kwenye nguo za watu. Harusi zao, mazulia yao." Akamgeukia konstebo. "Wewe kijana wa sheria, mtu akitumia joto la mfanyakazi wake mpaka likaisha, ni kosa gani?"

Konstebo alimtazama Inspekta kuomba msaada. Hakupata. "Kama mfanyakazi amekubali," alisema, "si kosa."

"Sote tulikubali," Mpigapasi alisema.

Inspekta alikuwa amepata alichokuja kutafuta: mkono, njia, sababu. Ripoti ingeweza kuandikwa pale pale. Juu kulikuwa na mtu ambaye ripoti isingemwamsha.

"Wewe huna cha kumfungulia," alisema. "Ndugu zako wa damu?"

"Sina ndugu."

"Una binti."

"Hapana."

"Akifa, itakuwa ni kuua. Watakunyonga."

"Wanyonge." Aliegemea mbele. "Dada, nimetoa kidole changu cha mwisho ili mtoto wangu asitoe hata cha kwanza. Leo wewe umwendee, umwambie atoe, tena kwa ajili ya huyohuyo? Basi mimi nilifanya nini? Nieleze. Nilifanya nini?"

"Nikikaa kimya," Inspekta alisema, "siku moja atajua. Atajua kwamba baba yake alinyongwa na yeye alikuwa na kidole. Huo mzigo mtu hautui."

"Atanichukia. Afadhali anichukie ana vidole kumi."

Mlango ulisukumwa. Hakuwa mtu waliyemtarajia. Alikuwa binti wa Tajiri, kijiko bado mkononi. Alitazama konstebo, pingu, punje za nta zilizotapakaa, kisha Mpigapasi. Alielewa, ila hakuwa na nguvu ya kukasirika.

"Mkoromo umebadilika," alisema. "Unakaa muda mrefu kabla ya kurudi. Mama anahesabu kwa sauti. Anafika mbali." Kisha, kwa sauti ileile, akamwambia Mpigapasi, "Mjomba, mimi nilikuwa nakuletea mashati yangu ya shule. Ulikuwa unanitengenezea na mikunjo ya mikono."

"Najua, mwanangu."

"Mwamshe."

"Sina cha kumwamshia."

Nyuma yake, ukumbini, msichana mwingine alikuwa amesimama. Alivaa sare ya shule, amebeba chombo cha chakula kilichofungwa kwa kitambaa, na hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani. Mpigapasi alimwona wa kwanza. Alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Nenda nyumbani."

"Shikamooni," yule msichana alisema, kwa kuwa hakujua la kusema jingine. "Baba, kwa nini anasema umwamshe? Nani kalala?"

"Nimekwambia nenda."

Hakwenda. Alimtazama binti wa Tajiri, yule mwenye kijiko, aliyekuwa karibu rika lake, na ambaye midomo yake sasa ilikuwa ikihesabu bila sauti, akifuatisha kule juu.

Inspekta aliinua kile kiti. "Keti, mama," alimwambia msichana. Mpigapasi alitamka jina la Mungu chinichini na kugeukia ukuta.

Inspekta alimweleza. Hakutia chumvi na hakupunguza. Alimwambia alichonacho vidoleni na jinsi alivyofichwa, na kwa nini. Alimwambia baba yake alifanya nini, na kwamba kwa hilo atakwenda jela, mtu aamke asiamke. Alimwambia kinachotofautisha jela na kitanzi. "Na huna deni," alimaliza. "Si kwa huyo aliyelala, si kwangu. Nakuuliza mara moja tu. Ukisema hapana, nitaandika kwamba hapakuwa na wa kumfungua, na hakuna atakayekuuliza tena."

Konstebo alimtazama afande wake kwa mshangao, kisha akachagua kutazama dirisha.

Msichana aliweka chombo cha chakula juu ya meza. Aligeuza mikono yake, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Kumbe si homa," alisema.

"Si homa," baba yake alijibu ukutani.

"Inauma?"

Mpigapasi alisema, bado akiutazama ukuta: "Haiumi. Ndio ubaya wake. Ingekuwa inauma tungeacha mapema. Kinapoa tu, halafu unasikia kama kuna mtu alikuwa chumbani na wewe, katoka, na hakuaga."

"Na wewe wametoka wote."

"Wote."

Alikunja vidole, akavikunjua. Mlangoni binti wa Tajiri alikuwa ameacha kuhesabu. Alikuwa ameshika fremu kwa mkono wote. Halafu juu ya vichwa vyao pumzi ikarudi, ikikwaruza, na akaachia.

"Nikimwamsha," msichana alimwambia Inspekta, "si ataniona nimemshika shingo? Si atajua ni mimi? Baba hatakuwepo. Atavitaka hivi vingine."

"Atavitaka," Inspekta alisema. "Sitakudanganya."

"Na wewe sheria yako haimkatazi."

"Haimkatazi."

"Sasa?"

Inspekta alivua kofia, akaiweka juu ya meza kati ya vikombe vya chai iliyopoa. Alikuwa na maneno mengi ya kiofisi ya kusema wakati kama huo, na yote yalikuwa ya kumtoa yeye ndani ya jambo. Aliyaacha.

Msichana alisimama. Alimwendea baba yake, akamshika mkono mmoja, ule wa kulia, akaubana katikati ya viganja vyake viwili kama mtu anayetaka kumpasha. Mpigapasi hakugeuka, ila mabega yake yalishuka.

"Kidogo," alimwambia. "Nitatoa kidole kidogo, baba. Cha kushoto. Hicho hata kuandika sikiandikii."

Baba yake hakuuvuta mkono.

Wakatoka ukumbini, binti wa Tajiri akitangulia ngazi mbili mbili. Chini ya ngazi msichana alisimama, akakataa kupanda. Alimgeukia Inspekta na kungoja, na ilikuwa wazi kwamba hatakanyaga ngazi ya kwanza mpaka asikie kitu.

Mpigapasi alikuwa ametoka naye hadi mlangoni, konstebo ubavuni mwake, pingu bado mkononi mwa konstebo. Inspekta alihakikisha anamwona, kisha akamshika msichana bega na kusema kwa sauti ambayo mashine hazikuweza kuifunika:

"Nakuahidi mbele ya baba yako. Ukishatoa joto hilo kwenye kola, utatoka kabla hajafumbua macho. Hatakuona wewe. Ataniona mimi, na kila atakapokutafuta, leo na baada ya leo, atanikuta mimi mlangoni kwenu."